Mtihani Ulioahirishwa Mara Tatu

*9 Januari*

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba mgongo wako umeanza kusikia dawa. Mimi sijambo, ila magoti. Mwambie mama lile sweta alilonifungia kwenye begi nimelivaa mpaka viwiko vimechungulia nje.

Mwaka jana ulinicheka kwamba nimesafiri kote huku ili nije kupanda dari za watu. Bado nazipanda. Naingia kwa kichwa kwenye tundu lenye ukubwa wa mlango wa kabati, natambaa juu ya mbao huku navuta nyaya za kompyuta kutoka ofisi hii hadi ile, na vumbi la humo linaniwasha mpaka Jumapili. Wanaume kazini wanasema nimeajiriwa kwa sababu ya wembamba. Sibishani nao, maana ni kweli.

Sasa nikuambie lililonifanya nikae niandike. Msimamizi ametuita wote, akasema ikifika mwezi wa tisa kampuni haitabaki na mtu wa nyaya asiye na cheti cha mitandao. Mwenye cheti atashuka darini, ataingia chumba cha mitambo, atakaa na ruta na swichi, zile mashine za kuelekeza mtandao, kama binadamu. Asiye nacho atafute pengine. Nimejiandikisha. Mtihani wangu ni tarehe 16 Machi, maswali mia moja kwa saa mbili mbele ya kompyuta, na ukishabonyeza kwenda swali linalofuata huruhusiwi kurudi nyuma.

Najua simu huitaki. Lakini mama naye nikimpigia siku hizi anapokea, anakohoa, anakata. Ana nini?

Mpwa wako,
Kidole

*27 Januari*

Mpwa wangu Kidole,

Marahaba. Mgongo upo, unaniamkia kila asubuhi kabla yako. Tangu nistaafu na kuhamia hapa kwa mama yako sijapanda hata kiti, lakini wenyewe hausahau nguzo.

Simu siitaki, na sababu unaijua. Miaka thelathini na moja nimekuwa fundi wa laini za simu. Nimekaa kwenye chumba cha mitambo na simu ya kupimia sikioni, nikasikia ya wenye nyumba na ya wapangaji wao. Mtu aliyesikia hayo hasemi la maana kwenye waya. Karatasi ikishakunjwa imekunjwa.

Mama yako hajambo, ana koo tu. Sauti imemkauka, kwa hiyo usimpigie, utamtesa bure. Daktari kamkataza kuongea, naye kanunua daftari la shule, humo anaandika kila anachotaka, hata chumvi. Katika maisha yangu sijawahi kumshinda dada yangu maneno, mpaka mwaka huu.

Habari ya mtihani imemfurahisha kuliko dawa. Unamjua. Miaka ishirini amepiga chapa mitihani ya shule, na mwaka ule ulipofanya wa kwako, karatasi zilikuwa kwenye droo ya meza mliyokuwa mkilia chakula, na hukupata hata koma. Kwake yeye mtihani ni kitu cha kupita karibu yake kwa kunyata. Ameandika hivi: "Asome. Asiniwazie mimi." Nakunakilia kama alivyoandika.

Na usome kweli. Wewe ni yuleyule uliyetia kidole kwenye tundu la umeme ukiwa na miaka minne, kisha ukatuangalia kana kwamba sisi ndio tuliokosea. Mtu wa hivyo kaumbiwa nyaya.

Mjomba wako

*20 Februari. Nakala iliyokutwa kwenye jalada la mjomba, haikutumwa*

Kidole,

Leo salamu nazifupisha. Tumerudi hospitali sasa hivi. Lile si koo la kawaida. Ni uvimbe, na umeshashuka chini pasipofikika. Daktari ni kijana, maneno yalimtoka huku anaangalia dirisha: miezi sita, labda saba. Mama yako akamwandikia kwenye daftari, "Binti yangu ana mtihani Machi." Yule daktari akasoma, akanirudishia mimi daftari.

Njiani kaniapisha. Kama tulivyokuficha msiba wa bibi yako mpaka ukamaliza karatasi ya mwisho, na hili ufichwe mpaka tarehe 16. Nilimkumbusha kwamba ulirudi na rula mkononi ukakuta matanga yameshaanuliwa, ukatununia mwaka mzima, ukasema tusikufanyie tena. Akaandika, "Lakini alifaulu."

Mimi ningekuambia. Nimeandika barua hii ili nikuambie, na sasa nikiisoma mkono unakataa kuitia kwenye bahasha. Ni wiki tatu na ushei tu. Mtihani ukipita, siku ya pili yake utajua kila kitu.

*25 Februari*

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia ni koo tu. Mwambie mama anywe vitu vya moto na aache ubishi wa kwenye daftari.

Mimi nasoma jikoni kwa mwenye nyumba, kwa sababu chini ya chumba changu kuna karakana ya kukata vyuma. Nakaa kati ya jiko na ndoo ya maganda, nagawa mitandao kwenye karatasi. Kosa langu ni moja, na ni lilelile. Mtandao ukiugawa vyumba vinne, kila chumba kinapata anwani sitini na nne. Lakini anwani mbili hazipewi mtu: moja ni ya chumba chenyewe, nyingine ni ya kuwaita wote kwa mpigo. Zinabaki sitini na mbili. Mimi nasahau kutoa hizo mbili. Msimamizi anasema nagawa mpaka kiti cha mwenye nyumba.

Kuna jambo moja nimelipenda, msomee mama. Ujumbe ukitoka kwenye kompyuta hupewa hesabu ya vituo. Kila ruta unayoipitia hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri ujumbe hutupwa hapohapo, na ile ruta iliyoutupa humpelekea mwenyewe taarifa: wako umeishia kwangu. Bila hivyo ujumbe uliopotea njia ungezunguka mpaka mwisho wa dunia. Mama atalipenda hilo, hapendi kitu kinachozunguka bila kufika.

Zimebaki siku kumi na tisa. Niombeeni.

Kidole

*17 Machi. Karatasi iliyokuwa ndani ya kitabu cha masomo, haikutumwa*

Mjomba, nimefeli.

Walitaka 825, nimepata 788. Karatasi ya matokeo inatoka hapohapo, na mhudumu alinipa huku ananidai ufunguo wa kabati nilimoweka simu na mkoba. Nilitoa mbili kila mahali, hata mahali pasipotolewa kitu. Mama kapiga chapa mitihani ya watoto wa watu miaka ishirini. Wa kwake nitamwambia nini?

Kurudia kunaruhusiwa. Nitarudia Mei, na nikifaulu nitasema huo ndio ulikuwa wa kwanza. Hakuna atakayeumia kwa...

*24 Machi*

Mjomba, shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na mama anaendeleaje?

Najua mlikuwa roho juu mkingoja matokeo. Mtihani umeahirishwa. Kompyuta za kituo zimeharibika, tukarudishwa wote tuliojiandikisha, na mimi nimepangiwa tarehe 19 Mei. Mwambie mama asisikitike, nimepata muda wa kusoma zaidi.

Huku kazini hakuna jipya. Tunatia nyaya kwenye jengo la ghorofa tano, na dari zake ni fupi hata mimi nakwama.

Kidole

*12 Aprili*

Kidole mpwa wangu,

Barua imefika, hongera kwa subira. Basi ni Mei. Nilikuwa nimeshaweka kando karatasi ya kukuandikia baada ya tarehe 16. Si kitu, karatasi haiozi.

Huku tunaenda. Mama yako siku hizi ni uji na mchuzi mwepesi, vigumu hataki. Ile habari yako ya ujumbe unaohesabiwa vituo nilimsomea mara tatu, kila nikimaliza ananirudisha mwanzo kwa kidole. Halafu akaandika, "Hii nimeielewa." Nikamwambia basi kafanye wewe mtihani. Akacheka, yaani mabega yalicheka.

Maneno yake yote nakunakilia mimi sasa, mkono wake una ganzi na hataki uone mwandiko umepinda. Anasema usome, ulale mapema, usile vya barabarani. Ukifaulu tu, panda gari uje. Usingoje cheti chenyewe, wala sherehe ya kazini kwako. Siku hiyohiyo.

Mjomba wako

*27 Mei*

Mjomba, shikamoo.

Poleni na yote huko. Natumaini ganzi ya mama imepungua na koo limefunguka.

Hutaamini, wameahirisha tena. Safari hii wanasema wamebadilisha mfumo. Tarehe mpya ni 14 Julai. Wenzangu watatu waliofanya kwenye kituo kingine wameshafaulu, wameshuka darini, mmoja wao mpaka kanunua viatu vyeupe. Msimamizi ananiita Mama Kesho. Ananiita hivyo mbele ya wateja.

Umesema nikifaulu nije siku hiyohiyo. Nami nataka kuja hata leo, mjomba. Lakini nije na nini? Nikae mbele ya mama mikono mitupu, anisome usoni kama anavyosoma makosa ya chapa? Acha nimalize hili. Nikija, nije na karatasi.

Kidole

*15 Juni*

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwa mama yako, na majirani wanakuulizia.

Hao wenye mtihani hawana wazee kwao? Kompyuta ziharibike, zitengenezwe, ndipo wakumbuke kubadilisha mfumo? Nipe anwani yao niwaandikie. Usinicheke. Niliwahi kumwandikia mkurugenzi wa simu kuhusu nguzo mbovu, akajibu, na nguzo ikang'olewa. Nitawaambia kuna mtu huku anangojea mtihani huo kuliko huyo anayeufanya.

Mama yako amepungua kidogo. Neno hilo nimeliandika na sitalifuta. Kidogo. Mchana anakaa karibu na mlango kwa sababu ya hewa, daftari mapajani, na kila akimwona mtu wa barua anapita, ananigonga kwa kalamu.

Soma, Kidole. Ukimaliza hili, uje.

Mjomba wako

*16 Julai*

Mjomba, shikamoo.

Usiwaandikie. Nakuomba kwa heshima zote, usiwaandikie, watanifutia jina. Wameahirisha tena, ndiyo, na safari hii ni 28 Agosti na hakuna zaidi ya hapo, kwa sababu Septemba kazi yangu inaisha. Sina maelezo. Nimechoka kueleza.

Niwie radhi kwa ukali. Nakaa jikoni kwa watu tangu Januari, nimekonda, nimejua kutoa mbili mpaka kwenye mayai. Ila ulipoandika amepungua, sikuelewa amepungua nini. Uzito? Mwambie aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake. Hata ukiwa umepinda. Mmoja tu.

Kidole

*11 Agosti*

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo upo.

Wiki hii watu walikuja wengi, wakatusaidia kupanga viti, na sasa wamekwenda, nyumba ina nafasi. Koo la mama yako halimsumbui tena tangu juzi. Ule mstari uliouomba sikuweza kuupata, nisamehe.

Usinijibu hii. Usipige simu pia, nimezizima zote mbili, yangu na ya mama yako. Kaza macho kwenye tarehe 28. Wasiahirishe tena, Kidole. Mwaka huu mzima nimekuwa nikizingoja tarehe zako, na hii nimeingoja kuliko zote.

Mjomba wako

*28 Agosti*

Mjomba wangu, shikamoo, shikamoo tena.

Nimefaulu. 851. Naandika nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya posta, kalamu imefungwa kwa kamba na ni fupi, usishangae mwandiko. Swali la kwanza kabisa lilikuwa la kugawa mtandao vyumba vinne. Nilitoa mbili, nikabonyeza mbele, na sikutamani kurudi nyuma.

Nimepiga simu kwako na kwa mama, zote hazipatikani. Basi ujumbe utafika kwa njia yenu ya kizamani. Msimamizi kanipa mkono na ruhusa ya wiki mbili, naanza safari tarehe 5. Karatasi ya matokeo nimeiweka katikati ya kitabu isikunjike, na mwenye nyumba nimemkataza kuigusa. Nataka wa kwanza kuishika awe mama. Akague chapa yao kama ina makosa.

Kidole

*31 Agosti*

Mwanangu,

Leo sikuiti Kidole. Kaa chini kwanza, na kama uko peke yako mwite mwenye nyumba akae nawe.

Mtihani wako umepita, leo siku ya tatu. Sijui umefaulu au vipi, barua yako bado. Mama yako alifariki tarehe 9 Agosti, asubuhi, nikiwa nimemshika. Tulimzika siku iliyofuata. Ilikuwa ni uvimbe kwenye koo, tulijua tangu Februari, na aliniapisha usiambiwe kabla ya mtihani. Kila nilipokaribia kukuambia, tarehe yako ilisogea mbele, nami nikasogea nayo. Hata alipofariki nikahesabu, zimebaki siku kumi na tisa, nikasema kwa kuwa nimeficha ugonjwa acha nimalize na hili. Ile barua ya tarehe 11 niliiandika kesho yake baada ya kumzika. Hakuna neno la uongo ndani yake, na sijawahi kuandika kitu kibaya kama kile.

Kuna jingine, na hili ni langu mwenyewe, mama yako hahusiki. Tangu Aprili, kila nilipokuwa nanakili maneno yake, mwishoni aliandika mstari mmoja: "Mwambie hata akifeli, aje." Niliuacha. Kila barua niliuacha. Kwetu mtu anayekwenda kwenye mtihani hatajiwi kufeli, ni mkosi, na niliona ukiusoma utavunjika moyo. Nikaandika "ukifaulu, uje", nikadhani nimelisema lilelile kwa adabu zaidi.

Daftari lake liko juu ya kitanda chake, sijaligusa. Siombi unisamehe kwa barua. Njoo.

Mjomba wako

*9 Septemba*

Mjomba,

Barua yako ya tarehe 31 nimeisoma. Naandika nikiwa chumbani kwa mama, na wewe uko sebuleni. Nakusikia unavyokohoa. Tangu nifike juzi umenipikia, umenipasulia kuni za maji ya kuoga, na hatujaweza kuongea, kwa hiyo acha nikuandikie, maana ndiyo njia tunayoijua.

Mtihani haukuahirishwa hata mara moja. Kompyuta za kituo zilikuwa nzima. Machi nilifanya nikapata 788. Mei nikapata 801. Julai 819, nikakosa sita tu, nikakaa kwenye ngazi za jengo lile mpaka mlinzi akaniuliza kama nina mtu wa kunichukua. Tarehe zote nilizokutajia zilikuwa za kurudia. Tarehe 16 Machi mtihani uliokuwa mnaungoja ulikuwa umekwisha, na tarehe 17 ungeniandikia, na tarehe mosi Aprili ningekuwa nimekaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Ningekuwa naye miezi minne. Nimeihesabu na sikutoa kitu.

Ulipouandika mstari wako wa "ukifaulu, uje" ulidhani ni adabu. Mimi nilidhani ni sharti. Sikulaumu. Nimeandika sikulaumu, na sijui kama ni kweli, labda itakuwa kweli baadaye. Nawe una haki ya kunilaumu mimi zaidi.

Daftari nimelisoma lote. Kuna chumvi, kuna "funga dirisha", kuna "kaka acha kuimba". Kuna ukurasa wa mwisho wa Julai, siku ambayo nadhani barua yangu ya ukali iliwafikia. Mwandiko umepinda kweli, herufi zinapanda juu ya mistari. Sijui kama ulidhani ni dawa zinamsemesha, au ulijua ukashindwa. Ameandika hivi:

"Mtihani hauahirishwi mara tatu. Nimepiga chapa mitihani miaka ishirini, najua. Mtoto kafeli, anaona haya. Mwambie simdai cheti. Nataka kumwona."

Nadhani ulimbishia kwa mdomo, kwa sababu chini yake ameandika tena, amekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka:

"Nakili kama nilivyoandika."

Basi nimenakili mimi. Karatasi yangu ya matokeo nimeiweka hapo kwenye ukurasa huo, sina mahali pengine pa kuiweka. Barua hii nitaipitisha chini ya mlango. Ukishaisoma, mjomba, nigongee.

Kidole